Damu ilijaa tumboni, nje haikutoka hata tone. Sababu ni nini?

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Chamwino. Mimba yangu ya kwanza ikiwa na wiki 31 niliamka saa nane usiku na maumivu ya tumbo kama nimechomwa kisu, yakapanda mpaka bega la kulia. Nilipojikongoja kwenda chooni nikaanguka. Damu ukeni haikutoka hata tone. Mama mkwe alisema ni chango, akanichemshia dawa, tukasubiri kupambazuke. Zahanati waliniambia ni vidonda vya tumbo, wakanipa vidonge. Saa tano asubuhi nikazimia tena, ndipo nikapelekwa hospitali, nikapimwa altrasaundi na kupasuliwa. Walikuta damu zaidi ya lita mbili tumboni. Mtoto alitolewa na kilo 1.5, namshukuru Mungu yupo, ana miezi saba. Mimi niliongezwa chupa nne za damu. Nilipouliza sababu niliambiwa 'haikujulikana'. Ndugu wa mume wanasema ni ndoo za maji nilizokuwa nabeba, wengine wanasema kuna mkono wa mtu. Labda niseme pia kwamba tangu nivunje ungo, hedhi yangu ilikuwa ya kulala kitandani siku mbili. Inawezekanaje damu yote ile imwagike na sababu isijulikane? Na nikibeba mimba nyingine, itarudi?"*

Marahaba, mama. Pole sana kwa yaliyokupata, na hongera kwa mtoto. Kumtoa mtoto kwenye kilo moja na nusu mpaka miezi saba si kazi ndogo, nawe umeifanya ukiuguza mshono.

Umeuliza maswali mawili, ila ndani yake nasikia la tatu ambalo hukulitamka: kama ulijiletea mwenyewe. Nianze na hilo, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hukujiletea. Ni kweli kwamba kunyanyua ndoo ya lita ishirini hupandisha msukumo wa damu kwenye mishipa ya tumboni kwa sekunde chache. Kukohoa hufanya vivyo hivyo, kucheka hufanya vivyo hivyo, na kujikamua chooni vilevile. Mshipa mzima huhimili yote hayo. Wanawake wa Chamwino, Bahi na Mpwapwa wamebeba maji kichwani wakiwa na mimba kubwa vizazi kwa vizazi, na hiki kilichokupata wewe ni nadra mno. Tena wewe ulikuwa umelala. Wagonjwa wengi wa namna yako huanza kuumwa bila kubeba mzigo wowote. Mjamzito anastahili kupunguziwa ndoo kwa sababu anachoka na mgongo unamuuma, na hiyo ni sababu tosha. Lakini asije mtu akakuambia ndoo ndiyo iliyokumwaga damu.

Kuhusu mkono wa mtu, sitabishana na imani ya nyumba yako. Nitakuonyesha tu mahali damu ilikoweza kutokea na njia iliyopita. Ukishaiona njia hiyo, nadhani hutakuwa na haja ya kumtafuta jirani wa kumlaumu.

Twende kwenye neno "haikujulikana". Kwenye karatasi yako ya kuruhusiwa huenda waliandika hemoperitoniamu. Ni damu iliyomwagikia kwenye uwazi wa tumbo, ule unaozunguka utumbo, ini, bandama na mji wa mimba. Neno hilo halisemi zaidi ya hapo. Ni kama kusema nyumba imejaa maji: bado hujasema ni bomba lipi limepasuka.

Sasa mfikirie daktari aliyekupasua. Amefungua tumbo na damu inafurika mpaka kwenye vitambaa, haoni kitu. Mbele yake kuna mji wa mimba wa wiki 31, mkubwa kama tikiti, umeziba kila kilichoko nyuma. Mishipa ambayo hupasuka mara nyingi katika hali hii iko hukohuko nyuma na pembeni, kwenye kuta za mji wa mimba na kwenye zile pazia nyembamba zinazoushikilia kulia na kushoto. Ni vena pana zenye ngozi laini. Mwanamke asiye na mimba hupitisha damu kidogo tu pale. Mimba inapokaribia kutimia, mji wa mimba hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Fikiria chupa ya maji ya nusu lita ikimwagwa na kujazwa dakika baada ya dakika, mchana na usiku. Mishipa hupanuka mara nyingi ya ukubwa wake wa kawaida ili kubeba mzigo huo.

Mara nyingi daktari hawezi kufika nyuma bila kumtoa mtoto kwanza. Anamtoa, kondo linatoka, na mji wa mimba unajikunja kama ngumi. Ukijikunja, damu inayopita kwenye zile vena inapungua ghafla. Presha yako nayo iko chini kwa sababu umeshapoteza damu nyingi. Tundu lenyewe pengine lina ukubwa wa kichwa cha kiberiti, limeshazibwa na donge la damu. Anapouinua mji wa mimba na kuugeuza kutazama nyuma, hakuna kinachovuja. Anapapasa ini, anapapasa bandama, anatazama mirija na ovari, anasafisha, anasubiri. Pakavu. Atasema nini? Kwa kweli namheshimu zaidi daktari aliyeandika "haikujulikana" kuliko ambaye angebuni jina la ugonjwa ili uondoke umeridhika. Alichoandika maana yake ni kwamba bomba lilikuwepo na lilipasuka, ila lilikuwa limeshanyamaza alipolifikia.

Umeniuliza pia, kwa namna fulani, kwa nini hakuna aliyegundua mapema. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo akina mama wanapopotelea.

Sisi wote, wataalamu na ndugu, tumezoea kwamba mjamzito anayevuja damu anaonekana. Kanga inalowa, na kila mtu anakimbia. Damu inayomwagikia tumboni haina mlango wa kutokea. Mji wa mimba umefungwa kwa chini, na damu iko nje yake, kwenye uwazi mwingine kabisa. Kwa hiyo swali la "umetoka damu?" likijibiwa "hapana", watu wanapumua, wakati tumbo linaendelea kujaa.

La pili, mwili wa mjamzito huficha. Kufikia miezi ya mwisho, damu yake imeongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla ya mimba. Mungu ameiweka akiba hiyo kwa ajili ya kujifungua. Akipoteza lita nzima na zaidi, mishipa ya mikono, miguu na ya mji wa mimba wenyewe hujibana ili moyo na ubongo vipate. Presha inabaki inasomeka vizuri. Kinachobadilika mapema ni mapigo ya moyo. Ndiyo maana nawaambia madaktari wadogo: msitazame presha peke yake, iwekeni kando ya mapigo. Mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, mathalani mapigo 120 na presha 100 kwa 60, huyo mama yuko hatarini hata kama anaongea na wewe. Na yule wa kwanza kunyimwa damu ni mtoto, ambaye huacha kucheza kabla mama hajazidiwa.

Hata kipimo cha wingi wa damu hudanganya saa za mwanzo. Anayevuja anapoteza maji ya damu na chembe zake kwa pamoja, kwa hiyo kinachobaki kina uzito uleule. Ukipima saa moja baada ya maumivu kuanza unaweza kupata 11, ukaridhika. Ukirudia baada ya saa nne unakuta 6.

Nikiwa daktari kijana kwenye hospitali moja ya wilaya huku kanda ya kati, mashine ya altrasaundi ilikuwa moja na mtaalamu wake siku hiyo alikuwa msibani. Aliletwa mama wa mimba ya miezi saba kwa bajaji. Hakukubali kulazwa chali. Aliketi ameinamia mbele, mkono wa kushoto umekamata bega la kulia kama mtu aliyeteguka. Muuguzi akaniambia presha nzuri, 100 kwa 60. Nikamshika kifundo cha mkono nikahesabu mapigo: 132. Nikamfunua kope la chini, jeupe kama karatasi. Nikachoma sindano pembeni mwa tumbo, nikavuta damu mililita tano, nikaimimina kwenye kichupa cha kioo na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha. Damu inayotoka mshipani moja kwa moja huganda ndani ya dakika kumi hivi. Ile haikuganda. Nilikiinamisha kichupa huku na huku, ikawa inateleza tu kama juisi ya rozela. Damu iliyokaa tumboni inakuwa imeshapoteza uwezo wa kuganda, na hilo lilinitosha. Tuliingia chumba cha upasuaji bila picha. Mama alipona. Mtoto hatukumwahi.

Bega lile ndilo nataka ulikumbuke, kwa sababu nawe lilikuuma. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo cha nyama tunachokitumia kupumulia. Mshipa wa fahamu unaokihudumia hautoki tumboni, unatoka shingoni, kwenye shina moja na ule unaohudumia ngozi ya bega. Damu ikipanda na kugusa kiwambo, hasa mtu akiwa amelala, ubongo unachanganya anuani na kusema bega linauma. Bega lenyewe ni zima, ukilikanda halina kidonda. Mjamzito mwenye maumivu ya ghafla ya tumbo, bega linalouma bila kuumia, na kuanguka au kizunguzungu anapoinuka, huyo ana damu tumboni mpaka kipimo kikatae. Zahanati yako iliona maumivu ya juu ya tumbo na kufikiria vidonda, kwa sababu vidonda wanaviona kila siku na ugonjwa wako huenda hawajawahi kuuona. Naelewa walivyofika hapo. Lakini kidonda cha tumbo cha kawaida hakimwangushi mtu chooni saa nane usiku. Kule kuanguka kungepaswa kumfanya mhudumu atoe rufaa papo hapo.

Sasa, damu tumboni wakati wa mimba hutoka wapi? Inategemea umri wa mimba. Miezi mitatu ya kwanza, kinachoongoza kwa mbali ni mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasua mrija. Mtu anaweza hata asijue kwamba ana mimba. Kwa mwanamke aliyewahi kupasuliwa, kovu la mji wa mimba linaweza kuachia, hasa uchungu ukianza, na zaidi akinywa dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Hizo dawa nawaomba akina mama wenzako wasizinywe kabisa, hata asiyewahi kupasuliwa, maana zinaweza kuubana mji wa mimba mpaka upasuke. Kondo linaweza kuota mizizi mpaka likatokeza nje ya ukuta. Mwenye shinikizo la damu la mimba lililopanda sana anaweza kuvilia damu kwenye ini na gamba lake likapasuka, maumivu yakianzia chini ya mbavu za kulia au chembe ya moyo. Bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara hupasuka kirahisi, na mshipa mkubwa unaokwenda kwenye bandama unaweza kuwa na uvimbe kama puto unaopasuka hasa miezi mitatu ya mwisho. Hilo la mwisho ni la hatari kubwa mno. Na kuna kuanguka kwa bodaboda, na kuna kupigwa. Kama nyumbani kwako kuna mkono wa namna hiyo, mwambie daktari mkiwa wawili tu. Hatakuuliza ili akuaibishe.

Kwa maelezo yako, mengi kati ya haya daktari wako aliyaondoa kwa macho yake. Ilikuwa mimba ya kwanza, hakuna kovu. Ini na bandama angeona. Mji wa mimba haukupasuka. Kinachobaki ni zile vena za nyuma, na sentensi yako moja ambayo uliiandika kama ya ziada: hedhi ya kulala kitandani siku mbili tangu uvunje ungo.

Ungeniandikia sentensi hiyo tu, ningekuita kliniki. Huku kwetu tunaita chango na tunaiacha hapo. Binti anajikunja, anakosa shule, mama anasema hata mimi nilikuwa hivyo, akizaa litaisha. Hedhi kuuma kiasi ni kawaida. Hedhi inayomlaza mtu kitandani kila mwezi, yenye maumivu hata wakati wa haja kubwa au tendo la ndoa, mara nyingi ina ugonjwa nyuma yake unaoitwa endometriosisi. Utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba unaota nje: nyuma ya mji wa mimba, kwenye ovari, kwenye zile pazia nilizotaja. Kila mwezi nao unavimba na kutoa damu kidogo. Unaacha makovu, unagandisha viungo pamoja, na mishipa inayoota hapo ni dhaifu.

Mimba ikija, maumivu mara nyingi hutulia, ndiyo maana watu wanasema imeponya. Haijaponya. Mji wa mimba unakua na kuyavuta yale makovu yaliyoshikana, huku mishipa ileile dhaifu ikipitishiwa damu nyingi kuliko wakati wowote. Ndipo mmoja unaachia. Kati ya wanawake waliovuja damu tumboni kwa namna hii na kuchunguzwa vizuri, wenye endometriosisi ni wengi, na wengi wao walivuja kipindi kama chako, miezi mitatu ya mwisho. Sikupi jina la ugonjwa kwa barua, hilo haliwezekani. Nakuambia kwamba ndiyo njia ya kwanza ningeifuata. Na usigeuze hofu upande wa pili: wanawake wenye endometriosisi wanaobeba mimba na kujifungua salama ni wengi mno kulinganisha na wachache waliopatwa kama wewe.

Mama mkwe wako hakukosea alipoona chango. Kwa maana fulani alikuwa karibu na ukweli kuliko zahanati. Kosa lilikuwa kusubiri kupambazuke.

Je, itarudi? Ripoti za mama kuvuja mara ya pili zipo, ila ni chache. Mimi singekukataza kuzaa tena. Ningekukataza kuzaa bila mpango, na bila kujua ulivyopasuliwa. Kuna jambo moja ambalo pengine hukuambiwa, nalo kwa mimba ijayo lina uzito kuliko mshipa wenyewe: mji wa mimba ulikatwaje? Usitazame mshono wa ngozi, huo haukuambii kitu. Mimba ya wiki 31 sehemu ya chini ya mji wa mimba bado ni nene na fupi, na katika dharura daktari wakati mwingine hukata wima, sehemu ya juu. Kovu la chini la ulalo, uchungu ukianza mimba ijayo, hupasuka kwa chini ya mama 1 kati ya 100. Kovu la wima la juu hupasuka kwa mama 4 hadi 9 kati ya 100. Mwenye kovu hilo haachwi aingie kwenye uchungu hata kidogo, anapangiwa upasuaji mapema, aghalabu wiki ya 36 au 37. Habari hiyo imeandikwa kwenye maelezo ya upasuaji kwenye faili lako. Nenda hospitali ile ukaombe nakala, ni haki yako. Usiende kwa shari, nenda kwa utaratibu, useme unataka kupanga mimba ijayo. Uliza mambo matatu: mji wa mimba ulikatwa wima au ulalo, nyuma ya mji wa mimba paliandikwa nini, na kama palionekana makovu au viungo vilivyoshikana.

Ukiwa na nakala hiyo, onana na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Kwa Dodoma anapatikana Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale mjini. Usitarajie altrasaundi ya kawaida imalize utata: huona uvimbe wa endometriosisi kwenye ovari, lakini vidoa vidogo vya nyuma haivioni. Kuna njia ya kuingiza kamera kwa tundu dogo na kutazama. Kwako ningeifikiria tu kama maumivu ya hedhi yamerudi kwa nguvu au mimba ikikataa kushika. Kulifungua tumbo tena kwa ajili ya kujua tu, ningesema hapana, kwa sababu kila upasuaji nao huacha makovu.

Wakati huu unaonyonyesha, jipe nafasi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na kwako ningeishikilia hiyo bila kupunguza, kovu likomae na wingi wa damu mwilini urudi. Njia ya uzazi wa mpango ichague ukijua kwamba baadhi hutuliza pia endometriosisi. Sindano hutuliza vizuri, ila ukiiacha uzazi unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, wengine karibu mwaka. Kijiti hakina ucheleweshaji huo, lakini wapo wanaopata matone ya damu yasiyo na ratiba na kukereka nayo. Vyote viwili havidhuru maziwa ya mtoto. Kitanzi cha shaba ningekiacha, kwa kuwa kinaweza kuongeza maumivu na wingi wa hedhi. Pima wingi wa damu sasa, usikisie. Na kama unakula udongo, kama wengi wetu walivyozoea tangu mimba, uache: unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na vidonge vya kuongeza damu vitakuwa kazi bure.

Ukija kubeba mimba, anza kliniki ukikosa hedhi tu, upigwe altrasaundi wiki ya 6 hadi 8 kuona mimba imekaa ndani na haikukaa kwenye kovu. Irudiwe wiki ya 18 hadi 20 kutazama kondo liko wapi. Mwambie mkunga aandike juu ya kadi yako kwa wino mwekundu: *aliwahi kuvuja damu tumboni wiki 31*. Kuanzia wiki ya 28 kaa karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, kwa ndugu aliyeko mjini au kwenye nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua. Chamwino si mbali, lakini wenzako wa Kondoa na Mpwapwa wako zaidi ya kilomita mia kutoka mjini, na masika makorongo yakijaa gari husimama ng'ambo mpaka maji yapungue. Damu ya tumboni haisubiri korongo.

Na ikitokea dalili ile tena, kwako au kwa mjamzito yeyote jirani yako, piga 115. Ni bure, ni mfumo wa M-Mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mlazeni ubavu wa kushoto. Msimpe uji wala dawa ya kunywa, maana huenda akahitaji usingizi wa upasuaji. Asichuliwe tumbo na mtu yeyote, hata kwa upole. Mkifika msianze na hadithi ndefu, semeni hivi: ana mimba ya miezi kadhaa, maumivu yalianza ghafla, ameanguka, bega linamuuma, tunaomba apigwe altrasaundi kuangalia damu tumboni. Altrasaundi ya kutafuta damu huchukua dakika chache. Na mhudumu akisema damu ukeni haijatoka, mwambieni mnajua, ndiyo maana mmekuja.

Chupa nne ulizoongezwa zilitoka kwa watu wanne usiowajua. Ndugu wa mume wanaotafuta la kusema kuhusu ndoo, waambie walioko salama kiafya waende wakachangie kwenye Damu Salama. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne.

Mumeo mpeleke pamoja nawe siku ya kuchukua ile nakala, na mama mkwe kama ataweza kutoka. Daktari bingwa awaeleze wote watatu kwa kuchora kwenye karatasi. Ukishaipata niandikie tena yale majibu matatu, hasa la kovu, kabla hujaondoa njia yoyote ya uzazi wa mpango.